Utapeli wa Simu: Tuitazame Mizizi

Ndugu walimu na watumishi wa serikali,

Hapana shaka wengi wenu mmekwisha kupokea ujumbe huu: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Aliyeuandika hakujui. Anachojua ni kwamba, tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, karibu kila mwenye mshahara ana ndugu anayengojea kutumiwa fedha. Mtego wake ameutega juu ya udugu wetu.

Serikali haikukaa kimya. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilipitishwa mwaka 2015, na kuanzia Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilifungwa. Hata hivyo utapeli haukukoma. Taarifa za Mamlaka ya Mawasiliano za mwaka 2024 ziliitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa mbele kwa namba zilizotumiwa na matapeli.

Hapo pana fundisho. Hiyo si mikoa ya mabingwa wa kompyuta. Ni mikoa ya mahindi na mpunga. Wizi huu hautaki elimu kubwa. Unataka simu, maneno matamu, na laini iliyosajiliwa kwa kidole cha mtu mwingine, pengine mzee aliyeambiwa na wakala: "Weka kidole tena, Baba, haijakubali."

Kijana huyu ametoka wapi? Ametoka madarasani mwetu. Shule amemaliza, kazi hakuna, na bei ya mahindi hapangi yeye. Lakini umaskini peke yake haumfanyi mtu kuwa mwizi. Maskini waaminifu ni wengi mno. Sumu ni heshima tunayompa mwenye fedha bila ya kumwuliza alikozipata. Na mtumishi anayedai "chai" ndipo afungue jalada, amekwisha kumpa kijana somo la kwanza la utapeli.

Polisi na wakamate, mahakama na zihukumu. Kazi yetu sisi ni nyingine. Tuwaonyeshe wazee namna ya kupiga *106# wajue laini zilizosajiliwa kwa majina yao. Asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo kisheria ni mikopo ya vijana, iwafikie pia wasio na mjomba ofisini. Na ofisi zetu ziwe safi, maana mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.