Kufutwa Deni si Kusamehewa



Leo nataka tuzungumzie maneno mawili mafupi ya Kiingereza ambayo yakikaa pamoja huweza kumpotosha mtu mzima, hata nyumba yake ikapigwa mnada. Maneno hayo ni "write off".

Kila moja likisimama peke yake halina matata. "Write" ni andika, na "off" huonyesha kuwa kitu kimeondoka mahali pake. Yakiungana, maana hufuata jambo linalozungumzwa.

Tuanze na nyepesi. Mwingereza akisema "I wrote off for a catalogue", anakueleza tu kwamba alituma barua ili aletewe orodha ya bidhaa. Hapo hakuna deni wala hasara.

Maana ya pili ni ya gari. Kampuni ya bima ikisema kuwa gari lililopata ajali ni "write-off", si lazima liwe haliwezi kusogea tena. Maana yake ni kwamba gharama ya kulitengeneza ni kubwa mno ukilinganisha na thamani yake, hivyo ni nafuu kumlipa mwenye gari kuliko kulipa gereji.

Ya tatu ni ya mtu. "To write somebody off" ni kumkatia tamaa, kumhesabu kuwa si kitu tena. Tarehe 30 Oktoba 1974, mjini Kinshasa, wengi walikuwa wamekwisha kumhesabu hivyo Muhammad Ali, aliyekuwa na umri wa miaka 32, alipopanda ulingoni kupambana na George Foreman. Katika raundi ya nane aliyelala chini alikuwa Foreman.

Sasa nafika kwenye fedha, na hapa naomba tusikilizane vizuri. Benki ikikaa muda mrefu bila kulipwa mkopo, huuondoa katika hesabu ya mali zake na kuuandika kuwa ni hasara. Hiyo nayo ni "write off", na sisi hutafsiri "kufuta deni". Mkopaji akisikia hivyo hushusha pumzi na kushukuru Mungu. Lakini kilichofutwa ni mstari katika vitabu vya benki. Mkataba aliotia sahihi uko pale pale. Benki yaweza kuendelea kumdai, kumpeleka mahakamani, na kuuza mali aliyoweka rehani.

Kinachozidi kutatanisha ni kwamba Waingereza wenyewe hutumia maneno hayo hayo kwa maana ya kusamehe. Mwezi Julai 2005, viongozi wa nchi nane tajiri walikutana Gleneagles, Scotland, wakakubaliana kufuta madeni ambayo nchi maskini zilikuwa zikidaiwa na mashirika makubwa ya fedha ya kimataifa. Tanzania ilikuwa miongoni mwa zilizofaidika. Huko kufuta kulikuwa kusamehe kweli, maana mdai aliacha kudai.

Kwa hiyo, mtu akikuambia deni lako limekuwa "written off", usiishie hapo. Muulize: limefutwa vitabuni mwenu, au mmenisamehe? Kama ni msamaha, omba barua inayosema wazi kwamba hudaiwi tena. Nasi waandishi na watafsiri tusiwe wavivu. Pale penye hesabu za benki tuandike "kuondoa deni vitabuni", na penye msamaha tuandike "kusamehe deni". Kiswahili kinao uwezo wa kutenganisha mambo haya.

Jambo la mwisho ni la sarufi. Ukitumia "it", liweke katikati: "They wrote it off." Ukisema "They wrote off it", mwenye lugha atakushangaa.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Kwa Kiingereza dawa hiyo ni "pay off", kulipa lote likaisha. Hiyo haina maana ya pili katika vitabu vya benki.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.