Sauti na Hati: Ibada ya Jumapili Mjini Philadelphia

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Halmashauri imetuagiza tuseme machache juu ya mambo tuliyoyaona safarini Marekani. Habari za majumba marefu na reli zipitazo chini ya ardhi mmekwisha kuzisoma. Jioni hii twapenda kueleza habari za ibada moja ya Jumapili katika kanisa la watu weusi liitwalo Mother Bethel, mjini Philadelphia. Katika chama hiki tumo Waislamu na Wakristo. Hatukusimama hapa kuhubiri dini, bali kuonyesha jambo linalotuhusu sote tulio watu wa kalamu.

Mlangoni tulipokewa na wahudumu waliovaa glavu nyeupe, wakatuketisha mbele kama wageni wa heshima. Kwaya ilipoanza kuimba, kinanda na ngoma vikaitikia, na watu wote wakasimama wakipiga makofi. Mhubiri naye hakuachwa kusema peke yake. Kila alipomaliza neno, watu walimjibu kwa sauti, huyu akisema Amina, yule akimhimiza aendelee, mfano wa mwimbishaji na waitikiaji wake katika ngoma za kwetu.

Wako wasemao kwamba ibada ya namna hii ni makelele matupu. Lakini aketiye akatazama kwa makini huona utaratibu mkubwa ndani yake. Mama mmoja alipozidiwa na furaha akalia, wahudumu wawili walikuwa wamekwisha kufika karibu naye na kipepeo kabla hajayumba. Matangazo yalisomwa wazi: wagonjwa wa kutembelewa, mikutano ya juma, na matumizi ya sadaka. Kila mtu alijua zamu yake.

Basi, utaratibu huu una asili yake. Chini ya kanisa lile limo kaburi la Richard Allen. Yeye alizaliwa mtumwa mwaka wa 1760, akajikomboa kwa fedha ya jasho lake. Mwishoni mwa karne ile ya 18, yeye na wenzake walikuwa wakisali katika kanisa moja na Wazungu, hata siku moja mwenzake, Absalom Jones, akakamatwa na kuinuliwa kwa nguvu hali amepiga magoti katika sala. Wakatoka wote pamoja. Allen akanunua karakana ya mhunzi, ikakokotwa kwa farasi hadi kwenye kiwanja chake, ikafanywa kanisa mwaka wa 1794.

Kabla ya hapo, mwaka wa 1793, homa ya manjano iliushika mji. Allen na Jones waliwaongoza watu weusi kuuguza wagonjwa na kuzika maiti. Homa ilipokwisha, mchapishaji mmoja, Mathew Carey, akaandika kwamba baadhi yao walijitajirisha kwa msiba ule. Allen na Jones hawakujibu kwa matusi. Walichapisha kijitabu, na ndani yake wakaweka hesabu: fedha walizopokea kwa mazishi, pauni 233, shilingi 10 na peni 4, fedha walizolipa kwa majeneza na ujira wa vibarua, pauni 411. Wao wenyewe walikuwa wamepungukiwa na pauni 177, shilingi 9 na peni 8. Kila asomaye aliweza kujumlisha na kutoa mwenyewe.

Walakini watu hawa hodari waliponea chupuchupu kupoteza kanisa lao kwa sababu ya karatasi. Mwaka wa 1796 mzee mmoja Mzungu wa Kimethodisti aliwaandikia hati ya kuliandikisha kanisa, nao wakaikubali. Baada ya miaka wakagundua kwamba, kwa maneno ya hati ile, mali yao yote imewekwa chini ya mkutano wa Wazungu. Mwaka wa 1807 wakaandika nyongeza ya kurudisha mamlaka mikononi mwao, lakini ugomvi haukwisha. Mwaka wa 1815 jengo likatiwa mnadani, na Allen akalazimika kutaja dola 10,125 ili alinunue kanisa alilolianzisha mwenyewe. Mwezi wa Januari, 1816, mahakama kuu ya Pennsylvania ikawapa haki. Mwaka ule ule makanisa ya watu weusi yakaungana kuwa African Methodist Episcopal, na Allen akawa askofu wake wa kwanza. Kiwanja kile kingali chao hata leo.

Ndugu wanachama, nyimbo tulizozisikia Jumapili ile huimbwa kwa moyo mkunjufu kwa kuwa waimbaji wako nyumbani mwao, wala hapana awezaye kuwainua magotini. Na nyumba ile ililindwa kwa hati iliyosomwa tena, ikasahihishwa, ikatetewa mbele ya hakimu.

Je, sisi ambao kazi yetu ni hati na hesabu, ni wangapi tuliosoma katiba ya chama chetu tangu mwanzo hata mwisho? Twajua vyama vya maziko na vya kusaidiana vilivyoanza kwa shangwe, vikafa kwa sababu stakabadhi hazikuandikwa, au kiwanja kilisajiliwa kwa jina la mtu mmoja. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo twatoa shauri mbele ya mkutano huu: katiba isomwe kwa sauti katika mkutano mkuu ujao, kifungu kwa kifungu, mapato na matumizi yabandikwe ukutani kila mwezi, na kila hati ya mali iandikwe kwa jina la chama. Hayo yakitimizwa, tutaimba bila hofu.