Mazungumzo juu ya Upimaji wa Ukubwa wa Vyumba kwa Kompyuta: Mfano wa Kyela

Yafuatayo ni maandishi ya mazungumzo yaliyokusudiwa mafundi wajenzi, wachoraji wa ramani na watumishi wote wanaoandaa au kupitisha makadirio ya majengo.



Katika shughuli za ujenzi ni nadra kupata tarakimu inayotegemewa na watu wengi kama ukubwa wa chumba. Mwenye nyumba huitazama anapopanga kodi, fundi hudai malipo ya sakafu kwa mita ya mraba, mkadiriaji majenzi huhesabia saruji na vigae, na mwalimu mkuu hupangia madawati. Zamani tarakimu hiyo ilipatikana kwa futikamba na kalamu. Tangu programu za kuchorea majengo zilipoenea, AutoCAD kuanzia mwaka 1982 na Revit kuanzia mwaka 2000, kazi hiyo hufanywa na mashine kwa kufumba na kufumbua, na jibu hutoka likiwa na desimali mbili. Desimali hizo ndizo zinazowafanya watu waliamini bila ya kuuliza.

Inafaa ieleweke kwamba mashine haikosei kuzidisha. Lakini kabla ya kuzidisha huwa imekwisha kuamriwa mambo mawili, pengine na mtu aliyeifungua kwa mara ya kwanza miaka kadhaa nyuma: ipime kutoka mstari upi wa ukuta, na ipime katika kimo gani kutoka sakafuni. Asiyeyajua mambo hayo mawili hana ukubwa wa chumba mkononi, hata akiwa na karatasi iliyopigwa muhuri.

Wilaya ya Kyela, iliyoko ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, inaonyesha jambo hili vizuri. Ni nchi tambarare, kuanzia mdomo wa mto Songwe upande wa mpaka wa Malawi hadi Matema chini ya Milima ya Livingstone, na mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo hupita humo kuelekea ziwani. Mvua ni nyingi mno, mafuriko si jambo la ajabu, na aliye na uwezo huinua sakafu yake juu ya ardhi. Kuta za nyumba nyingi hujengwa kwa matofali ya kuchoma, na saruji inayotoka upande wa Mbeya hupita milima ya Tukuyu kabla ya kuteremka kwenye mpunga na kakao. Mfuko uliokadiriwa zaidi ya haja ni fedha iliyopotea njiani, na uliokadiriwa pungufu husimamisha kazi mvua ikiwa mlangoni.

Tuseme chumba cha kulala kimechorwa mita 3.60 kwa mita 3.00, vipimo vikiwa vya katikati ya ukuta hadi katikati ya ukuta, kama wachoraji wengi walivyozoea. Matofali yana unene wa sentimita 23, na plasta ni sentimita 1.5 kila upande, hivyo ukuta mzima ni sentimita 26. Mashine iliyoamriwa kupima kutoka katikati ya ukuta itasema mita za mraba 10.80. Ikiamriwa kupima kutoka uso wa plasta, itasema 9.15. Tofauti ni mita za mraba 1.65, sawa na vigae kumi na vinane vya sentimita 30 kwa 30, katika chumba kimoja tu.

Revit humpa mtumiaji njia nne: uso wa mwisho wa ukuta, katikati ya ukuta, uso wa kiini cha ukuta (yaani matofali bila ya plasta), na katikati ya kiini. Chaguo hilo ni moja kwa mradi mzima, kwa hiyo anayelibadilisha kwa ajili ya chumba kimoja amebadilisha vyumba vyote, na majedwali yaliyokwisha kutumwa kwa mkandarasi hayalingani tena na michoro. Hapana budi pia ukuta wenyewe uchorwe na tabaka zake. Mchoraji aliyeweka matofali peke yake, akasahau plasta, atachagua uso wa mwisho wa ukuta kwa nia njema kabisa na kupata 9.33.

Kuna watakaosema kwamba haya ni mabishano ya sentimita. Basi na lichukuliwe darasa. Darasa lililochorwa mita 9 kwa mita 7 kwa vipimo vya katikati ya ukuta lina mita za mraba 63 katika jedwali. Likigawiwa kwa wanafunzi 45, idadi inayolengwa kwa darasa la shule ya msingi nchini Tanzania, kila mtoto anapata mita 1.40. Kwa kuta zile zile za sentimita 26, sakafu ambayo watoto hao watakanyaga ni mita za mraba 58.91. Kwa kipimo kile kile cha mita 1.40, wanatosha watoto 42. Watatu waliobaki wamepewa nafasi ndani ya matofali. Na aliyeidhinisha hakudanganywa na mtu yeyote. Alisoma jedwali tu.

Wasikilizaji wa visiwani wasidhani kwamba shauri hili ni la bara. Katika Mji Mkongwe wa Unguja vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko ndizo zilizoweka mpaka wa upana, na kuta za mawe na chokaa hufikia nusu mita na zaidi. Chumba chenye mita 2.60 kwa mita 6 ndani kina mita za mraba 15.60; mashine inayopima kutoka katikati ya kuta za nusu mita itakipa 20.15. Kodi ikitozwa kwa mita ya mraba, mpangaji atakuwa analipia mawe.

Sasa jambo la pili, nalo ni la kimo. Joseph Thomson, msafiri wa Kiskochi aliyefika ncha ya kaskazini ya ziwa mwaka 1879, alizistaajabia nyumba za wenyeji wa huko. Monica Wilson, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, naye aliandika habari zake. Kuta zake zilikuwa za mianzi na udongo, nazo hazikusimama wima: ziliinama kuelekea nje, chumba kikizidi kupanuka kadiri mtu anavyopanda kutoka sakafuni. Ni ufundi wa kupendeza, na ni mtego kwa kompyuta.

Kwa hesabu ya mfano tu, ichukuliwe nyumba ya mviringo yenye kipenyo cha mita 4.00 sakafuni na mita 4.60 juu ya ukuta wa mita 1.50. Sakafuni eneo ni mita za mraba 12.57. Mashine iliyowekewa kimo cha mita 1.20 itapata 15.76, na kwenye ukingo wa juu ni 16.62. Anayesiriba sakafu anahitaji ya kwanza. Mbunifu anayetaka kuirudisha sura hiyo katika nyumba ya wageni huko Matema, naye akachukua ya pili, atanunua vigae vya robo nzima ya ziada.

Kosa la namna hiyo hiyo hutokea katika nyumba za kawaida zilizoinuliwa kwa hofu ya maji. Mchoraji akiweka usawa wa kupimia kwenye ardhi ya nje badala ya juu ya sakafu, mashine hukata nyumba kupitia msingi, ambao ni mnene kuliko ukuta, na vyumba vyote hutoka vidogo kuliko vilivyo.

Yapo na madogo. Nguzo iliyo ndani ya chumba hutolewa katika hesabu au huachwa, kwa kufuata alama moja katika sifa zake. Baraza isiyo na ukuta wa mbele haipati eneo lolote mpaka ichorewe mstari wa kuifunga.

Kwa mintarafu hiyo, kila jedwali la vyumba liandikwe chini yake, kwa maneno ya Kiswahili yanayoeleweka na fundi, kwamba maeneo yamepimwa kutoka uso gani wa ukuta na kwa kimo gani juu ya sakafu iliyokamilika. Anayepokea ramani achague chumba kimoja chenye pembe nne, achukue vipimo vya ndani, azidishe kwa mkono wake, na alinganishe na jedwali kabla ya kutia saini. Jengo likiwa limekwisha kusimama, futikamba ipitishwe juu ya plasta, si juu ya matofali.