Punguzo la Dawa Lisilohitaji Kuponi

Mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti na wanachama wa vikundi vya akiba mjini Keroka

Najua leo ni siku ya soko na wengine wenu mmeacha ndizi kwa jirani, kwa hivyo sitawachosha.

Mliniuliza kuhusu matangazo ya ofa kwenye maduka ya dawa na zile pointi tunazopewa tukinunua. Je, yanasaidia kweli? Mimi si daktari. Niliyo nayo nimeyapata kwa kuuliza wenzetu wa idara ya afya na kusoma sheria inavyosema.

Jibu fupi ni kwamba ofa zinasaidia kidogo, kwa sabuni, nepi za mtoto na mafuta ya kujipaka. Ukinunua vitu hivyo kila mwezi, kusanya pointi zako. Lakini ofa ya dawa iangalie mara mbili. Chupa mbili kwa bei ya moja si faida ikiwa tarehe ya mwisho wa matumizi ni mwezi ujao. Huko Marekani watu hutumia kuponi za dawa, na nyingi hutolewa na kampuni zinazotaka mgonjwa aendelee kununua dawa yao yenye jina kubwa. Mara nyingi dawa ileile yenye jina la kawaida ni nafuu kuliko ile ya kuponi.

Hapo ndipo penye punguzo letu. Kila dawa ina jina la kisayansi, na juu yake kampuni huweka jina la biashara. Panadol ni parasetamo. Brufen ni ibuprofeni. Norvasc ya presha ni amlodipini. Glucophage ya kisukari ni metformini. Muda wa hataza ukiisha, kampuni nyingine huruhusiwa kutengeneza dawa hiyo na kuiuza kwa bei ya chini, kwa sababu hazikugharamia utafiti wa mwanzo. Dawa hizo huitwa jenerika.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme tembe ya presha yenye jina kubwa ni shilingi 30, na jenerika yake ni shilingi 8. Kwa siku 30, moja ni shilingi 900 na nyingine ni 240. Tofauti ni shilingi 660 kila mwezi. Kwa hivyo ukifika dirishani, sema hivi: “Kuna jenerika ya hii? Tembe moja ni pesa ngapi?” Huo si umaskini. Ni haki ya mnunuzi. Kwa magonjwa machache, kama kifafa, usibadilishe aina ya dawa kabla ya kuongea na daktari wako.

Lakini kabla hujafika dukani, kuna mlango mwingine. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Ukishajisajili, matibabu ya msingi katika zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, hulipiwa na Hazina ya Huduma ya Afya ya Msingi. Kujisajili ni bure. Bonyeza *147# kwenye simu yako, hata ile ya kitochi, ukiwa na kitambulisho. Dawa za kifua kikuu, za virusi vya Ukimwi na chanjo za watoto hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali.

Mchango wa SHA ndio unaofungua mlango wa hospitali kubwa, kama zile za rufaa za Kisii na Nyamira. Asiye na mshahara hupimwa uwezo wake, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Kwa ile hesabu yetu ya mfano, tofauti ya dawa ya mwezi mmoja inalipa mchango wa miezi miwili na chenji inabaki. Kwa kuwa mchango hulipwa wa mwaka mzima, kuna mpango wa Lipa SHA Pole Pole kwa anayetaka kulipa kidogo kidogo. Usingoje bonasi ya majani chai, maana ugonjwa haungoji Oktoba.

Mama mmoja hapa ameuliza, “Na zahanati ikikosa dawa?” Ni kweli, mama, kuna siku dawa hukosekana, na sitasimama hapa niseme vingine. Siku hiyo mwombe mhudumu aandike jina la kisayansi kwenye karatasi, si jina la biashara. Piga simu maduka mawili au matatu uulize bei kabla ya kupanda bodaboda. Nauli ya kwenda Kisii na kurudi inaweza kumeza punguzo lote.

Sasa niseme jambo linaloniuma. Tuna mtindo wa kwenda dirishani na kusema, “Nipe ya mia.” Tunapewa tembe chache za antibiotiki, homa ikishuka tunaacha. Wadudu waliobaki huweza kuzoea dawa, na safari nyingine utahitaji dawa kali zaidi na ya bei zaidi. Vivyo hivyo kwa presha. Mtu akijisikia vizuri huacha tembe ili apate karo ya shule. Presha haiumi, inapanda kimyakimya mpaka mtu anapooza upande mmoja. Hapo familia huitisha harambee, na kipande cha shamba huenda. Aliyetafuta kuokoa shilingi mia mbili sasa anadaiwa laki mbili. Kama pesa hazitoshi, mwambie mhudumu wa afya waziwazi. Anaweza kukutafutia dawa nafuu. Hawezi kukusaidia kama hajui umeacha.

Unafuu una mipaka yake pia. Dawa ya kumwagwa kwenye gunia sokoni au kuuzwa ndani ya matatu usiiguse, hata ikiwa ya shilingi kumi. Nunua katika duka lenye leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu ukutani, angalia tarehe, na uombe risiti. Risiti ndiyo shahidi wako ukirudi kulalamika.

Kazi ya nyumbani ni ndogo. Mkutano ujao kila mmoja aje na karatasi au pakiti ya dawa anayotumia kila siku. Mwalikeni mhudumu wa afya wa jamii wa kijiji chenu awasomee majina ya kisayansi, na katibu aandike kwenye daftari la kikundi pamoja na bei ya kila duka. Wahudumu hao wamepewa vifaa vya kupima presha na sukari, kwa hivyo siku hiyo hiyo mpimwe. Halafu mhakikishe hakuna mwanachama ambaye bado hajabonyeza *147#.

Sasa nendeni mkauze ndizi.