Jiji Linajua Ninachodaiwa, Halijui Ninachotaka

(Hotuba niliyoitoa mbele ya vijana wenzangu wa Dar es Salaam. Naiweka hapa kwa ambao hawakuwepo.)

 

Mmenipa mada: je, Jiji la Dar es Salaam lipo tayari kushirikisha wananchi kidijitali? Jiji ninalolisema ni lile lililokuwa Manispaa ya Ilala hadi 2021.

Mimi ni mwanafunzi wa sheria, naanza na Katiba. Ibara ya 21(2) inampa kila raia haki ya kushiriki kwa ukamilifu katika kufikia uamuzi wa mambo yanayomhusu. Ibara ya 146 inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Madaraka, jamani. Sio semina.

Sasa mtaambiwa Jiji halina uwezo. Hivi kweli? Mwenye fremu Kariakoo anaomba leseni kwenye mfumo wa TAUSI, anapata namba ya malipo, analipa kwa simu. Zabuni zinapita NeST. Malalamiko unayatuma e-Mrejesho, hata kwa kitochi, kwa kubonyeza *152*00#. Mitambo ipo. Kwenye kukusanya, Jiji limeshahamia mtandaoni. Kwenye kutuuliza, bado tunategemea karatasi kwenye ubao wa matangazo.

e-Mrejesho ni hatua nzuri, tusiibeze. Ila malalamiko huja baada ya uamuzi. Mtaro umeshachimbwa pasipotakiwa, ndipo unaandika. Kushiriki ni kabla, bajeti ikiwa bado rasimu.

Chukueni jambo linalotugusa sisi. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa kinataka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 serikali iliisitisha mikopo hiyo, baada ya kelele za vikundi hewa na fedha zisizorudi. Aliyeumia ni nani? Kijana mkweli wa Buguruni aliyekuwa na kikundi halisi. Ingekuwa majina ya vikundi na kiasi walichokopa yapo wazi mtandaoni, kata kwa kata, kikundi hewa kingejificha wapi? Kikundi cha bodaboda kisicho na pikipiki hata moja, kijiwe kizima kingekijua siku hiyohiyo. Majirani ni wakaguzi wa bure, ila hawapewi daftari.

Kuna suala la hofu pia. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole. Ukiandika kwamba eneo la wazi la mtaa linauzwa, nani anaiona namba yako? Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Jiji likitaka maoni yetu, lituambie kwanza yanasomwa na nani. Na tusisahau: tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima, ikakaa siku kadhaa. Huwezi kuniambia nishiriki kupitia mlango ambao ufunguo wake unao wewe peke yako.

Ndiyo maana nasema simu isiue mkutano wa mtaa. Porto Alegre, kule Brazili, walianza kupanga bajeti na wananchi mwaka 1989, bila simu janja hata moja. Walikutana, wakabishana, wakapanga vipaumbele, na serikali ya mji ikavifanyia kazi. Mama wa samaki pale Feri asiye na bando ana haki sawa na mimi.

Kwa hiyo jibu langu: kwa mitambo, Jiji lipo tayari. Kwa kubanwa na sheria, bado. Ila hatuhitaji kusubiri Bunge. Sura ya 288 inaipa halmashauri mamlaka ya kutunga sheria ndogo, kwa ridhaa ya Waziri. Tudai sheria ndogo ya ushirikishwaji: rasimu ya bajeti itolewe kwa Kiswahili kabla ya baraza la madiwani kukaa, maoni yapokelewe kwa simu ya aina yoyote na mkutanoni, na kila hoja ijibiwe kwa maandishi, imekubaliwa au imekataliwa, na kwa nini.

Tukiisubiri hiyo, tutumie tulichonacho. Halmashauri ikitaka kutunga sheria ndogo, inapaswa kuwatangazia wananchi ili mwenye pingamizi aandike. Wangapi humu tumewahi kuandika? Kila tawi lichague mtu mmoja wa kupita ofisi ya mtaa na ya kata, apige picha matangazo, ayatume kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Mimi na wenzangu wa sheria tutasaidia kuandika mapingamizi, bila malipo.

Tuanze wiki hii.