Treni iwe ya wote



Tulipanda treni ya Kamina, Lubumbashi, na mwenzetu wa kiti cha magurudumu. Tike alilipa bei moja na sisi. Lakini ngazi ya behewa iko juu, mlango mwembamba. Tulimubeba mikononi, kiti chake kikaenda na mizigo. Siku nzima alikataa kunywa maji, juu choo ya treni hawezi kuingia.

Sheria iko: Katiba ya 2006, kifungu cha 49, na sheria ya ulemavu ya tarehe 3 Mei 2022. Hatuombi huruma. Tunadai ubao wa kupandia, mlango mpana, choo ya kuingilika.

Kumubeba mwenzetu hatuchoki. Yeye ndiye amechoka kubebwa kama mzigo.

Treni iwe ya wote!