Futari Tamu, Jicho Lenye Ukungu



Ndugu zangu katika Uislamu, baada ya kumshukuru Allah (S.W.) na kumswalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), leo tuzungumze juu ya neema ya macho, na sukari tunayojimiminia wakati wa kufuturu.

Hebu tazama mahamri yakikaangwa. Yanaingia meupe, yanatoka rangi ya kahawia. Ni sukari na protini za unga zinashikana kwa moto. Mwanakemia Mfaransa, Louis-Camille Maillard, alilieleza jambo hili mwaka 1912. Basi na mwilini mwetu hutokea mfano wake, ila bila moto, polepole, kwa miaka.

Nyuma ya mboni pana lenzi, angavu kama kioo. Imejaa protini ziitwazo kristalini. Zile za katikati umezaliwa nazo, na hazibadilishwi mpaka unakufa. Kwa hivyo sukari ya damu ikikaa juu muda mrefu, inazigandia, zinaharibika na kugeuka rangi. Tena sukari nyingine hugeuka sorbitoli humo humo ndani, ikavuta maji. Mwanga haupiti sawasawa. Huyo ndiye mtoto wa jicho. Uzee humleta, sigara pia, lakini mwenye kisukari humpata mapema zaidi.

Wangapi tuna nyanya anayeona ukungu, nasi twasema "ni uzee tu"? Hakuna dawa ya matone wala asali ya kumwondoa. Dawa yake ni upasuaji: lenzi iliyoharibika inatolewa, inawekwa ya bandia. Mpelekeni hospitali.

Na sisi vijana je? Tende na maji ni sunna, na zatosha kufungulia. Si kwamba kaimati moja itakupofusha, la! Lakini kaimati za shira, sharubati, na chai ya vijiko vinne, kila jioni, halafu kulala, ni mazoea yanayofungua mlango wa kisukari.

Mwenye kisukari amuone daktari kabla ya kufunga. Allah amempa mgonjwa ruhusa katika Suratul Baqara, asione haya kuitumia. Na kudungwa kidole kupima sukari hakubatilishi saumu.

Macho haya tunayosomea Qur'ani ni amana, na tutaulizwa. Tuyatunze, na tuwatunze wazee wetu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.